Alama Nyekundu Kwenye Faili la Hodan

Kabla sijawa mtu wa kliniki nilikuwa mtu wa kisima. Hii ilikuwa upande wa Takaba, mbali na mji, mahali palipokuwa na injini moja ya dizeli, tangi moja, na mabirika matatu ya saruji ya kunyweshea mifugo. Injini ilikuwa ya Mzee Hirsi, ama niseme Mzee Hirsi alikuwa wa injini, maana alilala kando yake na kuiongelesha kama mke. Mimi nilikuwa wa lango. Lango lenyewe lilikuwa rundo la miiba, unalivuta kwa fimbo yenye panda. Kazi yangu ilikuwa kutazama shingo ya ngamia. Kila ukoo una chapa yake ya moto, na wale waliochangia dizeli ya msimu, chapa zao nilikuwa nazo kichwani. Chapa ikiwa ya mwanachama, navuta miiba. Kama siyo, ngamia anabaki nje analia, na mwenyewe ananitukana mimi na baba yangu.

Kiangazi kimoja kibaya alikuja mtu na mke wake na ngamia kumi na moja wenye chapa ambayo sijaiona tangu nizaliwe. Midomo ya yule mwanamke ilikuwa imepasuka. Mzee Hirsi alikuwa amelala. Nikawaambia waingie katikati ya ngamia wa jirani yetu mmoja, kama ni wake, nikavuta miiba. Wakanywa. Mzee Hirsi alipoamka aliona birika, akaniona mimi, akasema tu, "Wamekunywa wameenda. Washa injini." Siku ile nilijiona mtu mkubwa. Maji yalirudi kujaa na hakuna aliyeumia. Nilibeba hilo funzo moyoni miaka mingi, kwamba koo moja zaidi lenye kiu haliharibu kitu. Shikilia hapo, Nasteho, nitakuja kurudi.

Nasteho ni binti aliyechukua kiti changu pale mlangoni kwa Daktari Issack. Hatujawahi kukaa pamoja. Alimpa mwanangu daftari aniletee, akasema, "Mwambie adeer aandike kazi inavyoenda, watu wananiambia muulize Adeer Dahir na mimi sikujui." Haya, adeer wako, yaani ami yako, ni mimi, na ninaandika. Mimi nilifika darasa la nne, mwalimu akahamishwa, na mimi nikahamia kwa ngamia. Kwa hivyo ukikuta neno limekaa vibaya, liketishe mwenyewe. Watu hapa mtaani wanasema nimestaafu. Tuseme hivyo.

Nilikuja Garissa baada ya ukame kumaliza ngamia wetu, nikapata kazi ya soja wa langoni kwenye kliniki moja ya watu wa bima. Siku yangu ya kwanza nilipewa koti refu la mvua, sijui kwa mvua gani. Pale ndani palikuwa na mashine ndogo ya kidole. Mgonjwa anaweka kidole, mashine inauliza Nairobi kama huyu ni yeye, Nairobi inajibu ndiyo, ndipo daktari anamshika. Sasa mtu aliyevuta kamba ya kisima miaka arobaini hana mistari kwenye kidole. Imeisha. Mashine ilikuwa inakataa wazee wetu mmoja baada ya mwingine, kama hawajazaliwa.

Siku moja akaja dalali wa mifugo mnene, Mzee Bare, ana pumu, kifua kinapiga filimbi unasikia mpaka barabarani. Kadi ya bima alikatiwa na mwanawe. Kidole, hapana. Kidole kingine, hapana. Wakapiga simu Nairobi ili wakubaliwe bila kidole, na simu ikaanza kupiga muziki. Daktari Issack wakati huo alikuwa kijana ameajiriwa pale. Kwa cheti yeye ni klinika ofisa, lakini kwetu anayekupima ni daktari, tusibishane. Alisimama na simu sikioni anasikiliza ule muziki, na macho yake kwa Mzee Bare ambaye sasa midomo imekuwa ya rangi ya majivu. Halafu akaweka simu mezani, muziki bado unaimba, akachukua ile mashine ya mvuke wa pumu akamvalisha. Mzee alipona. Fomu ilikataliwa, na mwenye kliniki akamwita Issack ofisini, na mlango ulipofunguka Issack alitoka na begi lake. Mimi nilikuwa langoni. Akaniambia, "Adeer, nikifungua mahali pangu, utakuja?" Nikamuuliza kama kuna koti. Akasema hakuna. Nikaenda.

Alifungua vyumba viwili njia ya soko la mifugo. Mpango wake ulikuwa rahisi kusema na mgumu kueleza. Hakuna bima, hakuna fomu, hakuna Nairobi. Nyumba inajiandikisha yote, inapewa kadi, inatoa mchango kila mwezi, uugue usiugue. Ukiugua unakuja siku hiyo hiyo, unakaa naye mpaka mmalize. Ukishindwa kutembea anakuja yeye. Simu yake unayo. Upasuaji na mambo makubwa, hayo ni ya hospitali kuu, atakupeleka kwa mkono wake.

Wazee walikaa wakamsikiliza, Mzee Bare akiwa mbele maana alijiona ana hisa kwenye hiyo habari. Yeye ndiye aliyeuliza, "Wariya Issack, nikilipa mwaka mzima na nisiugue, nimenunua nini?" Issack akaanza maneno ya shule, kuzuia, kupima presha, nikaona macho ya wazee yanaondoka. Nikamwomba ruhusa.

"Mzee, mwaka wa mvua nyingi, dizeli ya kisima ulichangia ama hukuchangia?"

"Nilichangia."

"Na ngamia wako walikunywa mabwawani bure. Ulichangia nini?"

"Injini isife," akasema.

"Basi."

Akacheka mpaka pumu ikamshika. Akawa wa kwanza kuandikwa.

Sasa kazi yenyewe, Nasteho. Mafaili niliyapanga mimi, na niliyapanga kwa jina la mama. Watu wa ofisi wanapanga kwa jina la baba, na ndiyo maana wanapotea. Hapa Mohamed Abdi Mohamed wako wangapi? Ukiita mmoja kwenye benchi wanasimama watatu na mbuzi. Lakini ukisema Mohamed wa Mama Kaltuma, ni mmoja. Mimi sisomi haraka, lakini najua kila mama kwa uso, na nikiona mama nakwenda kwenye rafu bila kutazama maandishi. Alama ni muhimu kuliko maandishi. Duara ya buluu ni sukari. Mstari wa kijani ni mama mja mzito. Nyota nyekundu kwenye jalada ni dawa inayomkataa huyu mtu, na ndani imeandikwa dawa gani. Nyota nyekundu usiicheze. Pia weka chupa ya chai mlangoni, mtu mwenye kikombe mkononi hagombani sana. Wazee walianza kuja hata bila ugonjwa, kukaa tu. Daktari alisema hiyo pia ni tiba. Mimi nilisema hiyo ni baraza, lakini chai nikamimina.

Halafu daktari akafunga orodha. Nyumba zilikuwa zimejaa kiasi anachoweza, akasema haandiki nyingine mpaka mtu ahame. Nilimwambia watu wanalia mlangoni. Akanijibu maneno ambayo wakati ule niliyaona ya kiburi. "Adeer, nikiongeza nyumba moja nitaanza kuwasahau hawa. Na mimi sina kitu kingine cha kuwauzia isipokuwa kuwajua." Wasio wanachama alisema niwaelekeze hospitali kuu, na aliye kwenye hatari nimwingize bila kuuliza kadi. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Ilikuwa sheria nzuri. Lakini mimi nilikuwa nimekaa tena langoni na miiba mkononi, na nilikuwa na lile funzo langu la kisima.

Ilianza kidogo. Jirani wa mwanachama, mtoto ana homa. Binamu kutoka Masalani, tumbo. Mama mwenye kadi anakuja nao, ananiambia kwa sauti ya chini, "Adeer, mwandike kwa jina la wangu." Kwetu kuazimana si dhambi. Tunaazimana sufuria, punda, hata ng'ombe wa maziwa unamkopesha mtu mpaka mvua. Kadi ni nini? Kwenye bima ningesema ni wizi wa kampuni, lakini hapa kampuni iko wapi? Nilikuwa nachagua siku daktari ametoka, wakati anayepima ni nesi wa kushikilia nafasi yake, maana daktari anajua watu wake.

Sasa Hodan. Hodan ni mtoto wa Mama Hodan, nyumba ya tatu kutoka msikitini, msichana wa miaka sita, mwembamba, anauliza maswali kama polisi. Faili lake lina nyota nyekundu. Alipokuwa mdogo alidungwa penisilini akavimba uso, mama yake alituambia siku ya kuandikishwa, na daktari akachora nyota mwenyewe.

Mama Hodan alikuwa na dada yake kutoka kambini Dadaab, amekuja na binti yake Sahra, umri ule ule, urefu ule ule. Karatasi ya kumruhusu kutoka kambini ilikuwa imekwisha siku zake. Sahra akashikwa na koo, homa kali, hamezi hata mate. Nikamwambia mama yake aende hospitali kuu. Akasema, "Wataniuliza karatasi." Nikamwambia hospitalini hawaulizi. Akasema, "Wewe hawakuulizi." Mama Hodan akanishika mkono wa shati. "Adeer Dahir, wako sawa hawa. Mwandike Hodan."

Ningemwambia ukweli nesi, kwamba huyu ni mgonjwa sana, hana kadi, na sheria ya daktari inamruhusu aingie. Ndiyo, ingetosha. Mpaka leo najiuliza kwa nini sikusema, na jibu ni kwamba nilikuwa nimeshazoea njia ya mkato, mguu unakwenda wenyewe.

Daktari alikuwa Rhamu kwa msiba wa mjomba wake. Aliyeshikilia alikuwa Sista Kendi kutoka Meru, mtu makini, hajui uso wa mtu hapa. Mama Hodan alirudi kwa biashara yake, akabaki dada yake. Nikapeleka faili. Sista akaona nyota. Akaniita.

"Mzee, huyu ndiye Hodan?"

"Ndiye," nikasema.

Akamgeukia mama. "Hapa imeandikwa penisilini inamkataa. Ni kweli?"

Na yule mama, anayemjua mtoto wake, akasema kweli yake. "Hapana. Huyu amedungwa kambini mara mbili, hakuvimba hata kidole."

Sista hakukurupuka. Aliuliza tena, akapima, akaweka dawa za dharura karibu, akamdunga, akakaa naye nusu saa na saa mkononi. Sahra hakupata kitu. Wa kambini huyo, alikuwa anakula mandazi yangu. Basi Sista Kendi, mtu wa haki, akachukua kalamu, akapiga mstari juu ya nyota nyekundu, akaandika ndani tarehe, dawa, na kwamba mtoto hakuvimba. Nilimwona akiandika. Nikajiambia daktari akirudi nitamwambia. Daktari alirudi amechoka na msiba, nikasema kesho. Kesho akaja mgonjwa wa nyoka. Mafaili ni mengi, ile siku ikazama.

Sasa rudi kisimani nilikokuacha. Yale maji yalikuwa hayakumbuki nani amekunywa. Faili linakumbuka. Hilo sikulijua.

Miezi mingi baadaye, asubuhi ya jua kali, akaja Hodan mwenyewe mgongoni mwa ayeeyo wake, bibi mzaa baba, mwanamke mgumu wa porini. Mama Hodan alikuwa amesafiri Takaba kwa arusi. Mtoto ana koo, homa, vilevile kama Sahra. Nilifurahi kuwaona, walahi. Nilitoa faili, nikalipeleka kwa daktari, nikarudi kumimina chai. Hata nyota sikuitazama.

Nikiwa na chupa mkononi nilisikia daktari akiongea kwa mlango uliokuwa wazi. Anamuuliza ayeeyo kama kuna dawa inayomkataa mtoto. Ayeeyo akasema, "Mimi najua ngamia. Mtoto uliza mama yake." Daktari akapiga simu Takaba. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Halafu nikasikia karatasi inageuzwa.

"Ah," akasema, na ilikuwa sauti ya mtu aliyepata habari njema. "Hii nyota ilifutwa. Alidungwa hapa hapa, Sista alikaa naye, hakuvimba. Alhamdulillahi."

Nasteho, chai ilikuwa inamwagika kwenye kidole changu na sikusikia moto. Nilijua yote kwa mara moja, kama mtu anayeona gari linakuja. Na hapa ndipo nataka unisikilize, maana mengine yote kwenye daftari hili ungeambiwa na mtu mwingine. Sikusema. Nilisimama. Niliona kazi yangu inaondoka, niliona yule mama wa kambini anatafutwa kwa sababu ya mdomo wangu, niliona uso wa Issack. Nikajiambia pengine alipona ile shida, watoto hukua. Nilisikia anavunja kichupa cha maji ya kuchanganyia dawa, anatikisa ile chupa ya unga. Inatikiswa muda mrefu ile. Muda wote ule ulikuwa wangu.

Nilipoingia sindano ilikuwa tayari kwenye paja.

"Toa," nikasema. "Huyo si yeye."

Daktari aliacha kusukuma. Nusu ilikuwa imeingia. Akaichomoa, akanitazama. "Si nani?"

"Aliyedungwa na Sista si Hodan. Ni wa dada ya mama yake. Nyota ni ya kweli."

Mikono yake ilishaanza kazi. Alimlaza mtoto chini sakafuni, akainua miguu yake juu ya begi, akavunja ile chupa ndogo ya adrenalini inayokaa kwenye sanduku jekundu ukutani. Lile sanduku, Nasteho, litazame kila asubuhi kabla ya kufungua mlango. Hodan aliniuliza mbona analazwa chini. Halafu akasema ulimi wake ni mkubwa. Halafu hakuuliza tena, na mtoto yule kunyamaza lilikuwa jambo la kutisha kuliko kelele. Vipele vilitoka shingoni kama mvua ya kwanza kwenye mchanga. Midomo ikajaa. Kifua kikaanza ile filimbi ya Mzee Bare.

Daktari akamdunga paja la pili. Akaniambia nishike mtungi wa hewa, nikashika. Ayeeyo alikuwa ameshika mguu mmoja wa mtoto na anasoma Yasin kwa sauti tulivu kama anasuka mkeka. Dakika zikaenda. Filimbi haikupungua. Daktari akatazama saa, akavunja chupa ya pili. Jasho lilimdondoka kutoka kidevuni likaanguka kwenye gauni la mtoto, na akalifuta kwa kidole kama mtu anayeomba radhi.

Baada ya ile ya pili kifua kikafunguka. Polepole. Kwanza filimbi ikashuka, halafu rangi ikarudi kwenye kucha, halafu akatapika kwenye kiatu changu. Ni kiatu kilichopata heshima. Gari la hospitali kuu lilifika, daktari akaingia naye nyuma, ayeeyo mbele, wakaenda.

Mimi nilibaki na benchi limejaa watu. Niliwaambia wasubiri. Nikaosha sakafu.

Daktari alirudi karibu na alasiri. Akasema Hodan amekaa kitandani, amemuuliza nesi wa hospitalini kwa nini kofia yake ni ndogo. Akakaa kwenye kiti chake, faili mbele yake. Nilingoja kelele. Nilitaka kelele. Issack akaongea kama mtu anayeuliza njia.

"Adeer, mangapi?"

"Nini mangapi?"

"Mafaili yenye mtu mwingine ndani."

Nilikwenda kwenye rafu. Kwa mama, bila kusoma. Mama Kaltuma. Mama Deqa. Yule wa binamu wa Masalani. Nikayaweka mezani moja moja na kumwambia nani aliingia kwenye lipi, siku gani karibu na nini, alipewa nini kama nakumbuka. La tisa lilikuwa la Mzee Bare mwenyewe, niliwahi kumwingiza humo kaka yake mwenye presha. Daktari aliandika kila neno kwa kalamu nyekundu. Tulipomaliza aliyatazama yale tisa, halafu akainua macho akatazama rafu nzima, ukuta mzima, na nikaona anachotazama. Alikuwa hajui tena kama ni tisa tu. Mimi ndiye niliyekuwa namwambia nani ni nani, miaka yote ile.

"Yule mtoto wa kambini," akasema, "ungemwingiza tu. Ningempima."

"Najua."

"Ungesema tu hana kadi."

"Najua, Issack."

Alifunika kalamu. Akasema nikaswali, niende nyumbani nipumzike, kesho asubuhi tukae na mama mmoja mmoja tuanze upya. Alisema tukae. Hakusema usirudi, na watu wakikuambia nilifukuzwa, waambie si kweli, ni mimi ambaye sikurudi.

Nilitundika ufunguo kwenye msumari wake kando ya mlango. Chupa ya chai ilikuwa na chai bado, nikaiacha. Kwenye benchi alikuwa amebaki mama mmoja na mtoto mgongoni, nikamjua, jina lake likaja mdomoni nikalimeza.

"Adeer, zamu yangu imefika?" akauliza.

"Ingia," nikasema, "umwambie jina lako mwenyewe."

Nikachukua fimbo yangu, nikapita msikitini nikaswali mstari wa nyuma, nikatoka kwa mlango wa upande mwingine, ule unaotazama mtoni.